Santuri za Kuhesabika

Albamu iliyotoka zamani, ikauza nakala chache na kusahauliwa, huweza kuamka tena. Hutafutwa, ikasafishwa mikwaruzo, ikapigwa upya katika vinili kwa nakala 300 au 500, aghalabu kila jalada na nambari yake. Na baada ya wiki chache haipatikani tena ila kwa walanguzi. Sababu moja ni ya kiwandani: kutengeneza ukungu wa santuri ni ghali na wanunuzi ni wachache. Sababu ya pili haisemwi sana. Kitu adimu hupendwa, na wimbo uliopotea kwa kusahauliwa hupatikana ili ufanywe adimu kwa makusudi.

Haifai kuwacheka wanunuzi hao. Bila ya wao nyimbo nyingi zingalikuwa zimeliwa na vumbi. Swali zito ni hili: mwenye wimbo aliulizwa?

Hailu Mergia wa Ethiopia alikuwa mpiga kinanda wa Walias Band, bendi iliyotumbuiza katika hoteli ya Hilton mjini Addis Ababa miaka ya 1970. Utawala wa kijeshi ulikuwa umekataza watu kutembea usiku, basi aliyekuja kucheza dansi alibaki ndani hadi alfajiri, na bendi nayo ikapiga hadi alfajiri. Mwaka 1977 Walias walitoa santuri ya muziki wa ala, Tche Belew. Mwaka 1981 wakasafiri Marekani. Baadhi wakarejea, Hailu akabaki Washington. Huko, mwaka 1985, alirekodi kaseti peke yake: akodiani aliyojifunza ujanani, vinanda vya umeme, na mashine ya kupiga mapigo ya ngoma. Kaseti ikauzwa, ikazeeka. Mwenyewe akawa dereva wa teksi katika uwanja wa ndege wa Dulles. Kinanda kidogo alikiweka kwenye buti ya gari. Abiria wakiadimika alikitoa, akakaa kiti cha nyuma, akapiga.

Wakati huo nakala za kwanza za Tche Belew zilikuwa zikipita mikononi mwa wakusanyaji kwa bei za kutisha. Katika biashara ya mkono wa pili mpigaji hana fungu. Dereva yule angeliweza kumchukua abiria mwenye santuri yake begini, wakaagana bila ya kujuana.

Kaseti ya 1985 iliokotwa Bahir Dar, kando ya ziwa Tana, na Mmarekani Brian Shimkovitz, mwenye lebo ya Awesome Tapes From Africa. Angeliweza kuinakili na kuiuza kimyakimya. Wengine hawakuona haya kufanya hivyo. Yeye alimtafuta mwenye kazi, akampigia simu, wakapatana, na utaratibu wa lebo hiyo ni kugawana faida nusu kwa nusu na msanii. Kaseti ikatoka upya mwaka 2013, Tche Belew ikafuata mwaka 2014.

Visiwani jambo hili lina uchungu wake. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sahani zao zikasikika pwani nzima, barazani na migahawani, mashine moja ikisikilizwa na mtaa mzima. Zilikuwa sahani za kuvunjika zikianguka, na nyingi zimevunjika. Siti alifariki mwaka 1950. Atakayetaka kuzitoa upya hana simu ya kumpigia, na mtunzi wa shairi, ambaye mara nyingi si mwimbaji, ndiye mwepesi zaidi wa kusahauliwa. Toleo la namna hiyo likija na maelezo ya Kiingereza matupu, bila ya maneno ya wimbo kwa lugha yake na bila ya jina la mtunzi, litakuwa limeokoa sauti na kuacha shairi. Na katika nakala 500, kumi zikirejeshwa nyumbani, redioni, maktabani na katika vikundi vya taarab, mnunuzi wa London hatapungukiwa na kitu.

Hailu alirudi jukwaani, ingawa teksi hakuiacha mara moja. Mwaka 2018 alitoa albamu mpya, Lala Belu. Wimbo wake wa mwisho ni piano peke yake, bila ya bendi.