Masaa Matatu Yaliyoibiwa na Laptopu Yetu

Wasee, leo sitajifanya mtaalamu. Nataka kuwaambia vile nilimkosesha sista yangu alama za chuo kwa sababu ya ile saa ndogo iliyo chini kulia mwa skrini.

Nyumbani tuna laptopu moja, na ni ya sista. Aliinunua Luthuli Avenue, mtumba, kwa pesa alizoweka kidogo kidogo akifanya kazi dukani. Mimi huitumia akiwa kazini. Msaada wa Windows 10 ulipoisha Oktoba 14, 2025, Windows 11 ilikataa kuingia kwa sababu prosesa yetu ni ya zamani. Nikaona hapa ndipo Linux inaingia. Lakini Windows haingetoka, maana kazi zake zote za uhasibu ziko kwa Excel. Basi zikae zote mbili.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, na hiyo ndiyo inaniuma. Nilinakili faili zake kwa diski ya nje. Nikaangalia kama BitLocker imewashwa, maana ikiwa iko, unaweza kuitishwa ufunguo wa tarakimu 48 na hujui uko wapi. Nikazima Fast Startup. Nikatoa GB 60 upande wa Windows, nikachomeka flashi yenye Ubuntu, nikachagua ikae kando ya Windows, sio juu yake. Hapo ukikosea umefuta kila kitu. Mwisho nikapanga menyu ya kuanzia ikae sekunde mbili tu, halafu iende Windows yenyewe.

Hizo sekunde mbili zilikuwa za kumficha sista. Sikuwa nimemwambia.

Jumatano nikashinda kwa Ubuntu mchana mzima. Jioni sista akatoka kazini amechoka, akalala kidogo. Alipoamka stima ilikuwa imepotea na simu yake imezima. Akawasha laptopu. Ilikuwa na chaji, na ilisema ni saa mbili usiku. Kazi yake ilikuwa ya kutumwa kabla ya saa sita, kwa hivyo akakaa chini bila presha, akamalizia hesabu zake huku simu inachaji kwa laptopu. Ilipofika saa tatu na nusu akawasha simu ili anunue bando atume.

Simu ikasema saa sita na nusu.

"Wewe! Hii saa ya laptopu ni ya wapi?"

Kusema kweli, ilikuwa ya Greenwich. Ndani ya kompyuta kuna saa inayoendeshwa na betri ndogo, hutembea hata mashine ikizimwa. Windows huisoma ikiamini ni saa ya hapa kwetu. Linux huamini ni UTC, na Kenya tuko mbele ya UTC kwa masaa matatu. Kwa hivyo Ubuntu iliirudisha nyuma masaa matatu, kisha kwa skrini yake ikayaongeza tena, mimi nisione kitu. Windows ikaamka usiku, ikasoma, ikaamini. Kwa kawaida intaneti ingeirekebisha, lakini sista alikuwa anaokoa bando.

Dawa yake ni mstari mmoja kwa terminali ya Ubuntu: timedatectl set-local-rtc 1. Basi. Linux inaanza kuitumia saa ya hapa kama Windows.

Lakini alama haina terminali. Mwalimu aliipokea kazi siku iliyofuata, akakata. Nilimweleza sista kila kitu, nikingoja kelele. Hakupiga. Aliniuliza tu, "Kwani ungeniambia, nini kingeharibika?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ubuntu kwa Kiswahili chetu ni utu. Mimi niliiweka bila utu, kwa mashine ambayo sikuitolea hata shilingi.

Kama unataka mifumo miwili kwa laptopu moja, fanya, inawezekana na ni bure. Nakili faili, rekebisha saa. Lakini kama hiyo laptopu ni ya watu wawili, anza na huyo wa pili kabla ya flashi.

Siku hizi menyu yetu hukaa sekunde 30, na sista huchagua mwenyewe. Saa ya laptopu iko sawa kabisa. Yeye bado huangalia simu kwanza.