Sikio la Mzee na Mwangwi wa Zege

Sisi wa Mofu tulikua tukisikia habari za vyumba vilivyochimbwa ndani ya mlima. Mitambo ya umeme ya Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975, na ya Kihansi iliyofuata, yote imo ndani ya mwamba kandokando ya bonde letu la Kilombero. Mimi riziki ilinipeleka mbali zaidi, Kanda ya Ziwa, kwenye dhahabu, miaka michache baada ya mgodi wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu kufunguliwa mwaka 2001.

Kule chini mwamba hufungwa kwa bolti na wavu, kisha hupuliziwa zege, unene wa sentimita tano hadi kumi. Mashine ya kwanza ya kupulizia ilibuniwa Chicago mwaka 1907 na Carl Akeley, akitafuta namna ya kupaka plasta jengo la makumbusho.

Nilipoanza, zege lilipimwa kwa sikio. Mzee wa zamu yetu alitembea na nondo ndefu akigonga ukuta. Paliposhika mwamba palilia kwa ukali. Palipoachana palitoa sauti nzito, naye akapatia alama ya rangi. Mama yangu alichagua vyungu sokoni Ifakara hivyohivyo. Ila sikio halikutupa unene. Ilitubidi tutoboe, tutoe kipande, kisha tuzibe tundu tulilolitia wenyewe.

Ikaja nyundo ya Schmidt, inayopima jinsi chuma kinavyodunda. Sikuiamini sana: inasoma uso tu, na uso wa zege la kupuliza umejaa mabonde. Kilichonivuta ni kipimo cha mwangwi. Unagonga kwa kigololi cha chuma. Wimbi likikuta uwazi nyuma ya zege, hurudi, huenda, hurudi tena. Kitambuzi huhesabu marudio hayo kwa sekunde, na ukijua mwendo wa wimbi unajua uwazi uko kina gani. Ni kazi ileile ya Mzee, lakini sasa inaacha namba kwenye daftari. Msimamizi mwenye haraka alizoea kubishana na sikio la Mzee, lakini namba ilimnyamazisha.

Siku hizi leza husoma ukuta kabla ya kupuliza na baada yake. Tofauti ndiyo unene, na mpimaji amesimama mbali na zege bichi. Kwangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, maana nimeona zege bichi likidondoka. Hata hivyo leza haijui kama zege limeshika mwamba. Kwa hiyo vijana wangu bado nawapa nondo, wagonge, kabla hawajaweka sahihi.