Mashine Iliyongoja Kusemeshwa

Wasomaji wa jarida hili wametuzoea tukiandika juu ya ngeli, mnyambuliko wa vitenzi na taabu za kusahihisha insha. Safari hii tunakusudia kuandika juu ya kompyuta. Tena si ya leo, bali ya mwaka 1982, ambayo wanafunzi wetu walipoiona mara ya kwanza waliidhania kuwa mchezo wa watoto. Hata hivyo hatukutoka nje ya kazi yetu, kama msomaji atakavyoona akituvumilia kidogo.

Kwanza jina. Wako wasemao tarakilishi, na jirani zetu wa Kenya tumewasikia wakisema ngamizi. Sisi tutasema kompyuta, maana ndilo neno ambalo wanafunzi wetu hulitamka bila kuhimizwa.

Kompyuta tunayoizungumzia huitwa ZX Spectrum. Iliundwa na kampuni ya Clive Sinclair katika mji wa Cambridge, Uingereza, ikatangazwa tarehe 23 Aprili 1982. Kabla yake kampuni hiyo ilikwisha kutoa ZX80 mwaka 1980 na ZX81 mwaka 1981, mashine ndogo za picha nyeusi na nyeupe ambazo watu wengi walizinunua kwa kuwa zilikuwa rahisi. Spectrum ilikuja na rangi na sauti, na bei yake ilikuwa pauni 125 kwa ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, na pauni 175 kwa ile yenye kilobaiti 48. Mwaka huohuo kompyuta ya Acorn aina ya B, iliyobeba jina la BBC na kuingia katika shule nyingi za Uingereza, iliuzwa pauni 399. Mzazi mwenye mshahara wa kawaida hakuhitaji kupiga hesabu ndefu.

Hiyo iliyotufikia sisi hapa Kampala ni mali ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa hisabati, aliyekwenda kusoma Uingereza katika miaka ya themanini akarudi nayo ndani ya sanduku la nguo. Ilikaa juu ya kabati lake miaka mingi. Alipohama nyumba aliiazima chama cha Kiswahili cha shule yetu, pamoja na kitabu chake cha mafunzo na televisheni moja nzito ya zamani. Mwenzetu mmoja katika chumba cha walimu aliuliza kama sasa tumegeuka kuwa jumba la makumbusho. Swali hilo halikuwa la mzaha tu. Shule inaomba kompyuta mpya kila mwaka na haizipati, na mtu ana haki ya kuuliza faida ya kuwafundisha watoto kwa chombo kilichoacha kutengenezwa mwaka 1992.

Basi tukiangalie chombo chenyewe. Ni kisanduku cheusi chenye vitufe 40 vya mpira wa kijivu, laini kuguswa, na pembeni mistari minne ya rangi kama kipande cha upinde wa mvua. Hakina kioo chake; huunganishwa na televisheni. Hakina mahali pake pa kuhifadhia kazi. Hutumia rekoda ya kaseti, na programu ndefu huchukua kama dakika tano kuingia, huku ikipiga kelele za kukwaruza masikio na mistari ya rangi ikikimbia pembezoni mwa kioo. Ubongo wake ni chipu iitwayo Z80A, yenye mapigo milioni 3.5 kwa sekunde. Kando yake ipo chipu nyingine, iliyotengenezwa na kampuni ya Ferranti, ambayo peke yake huchora picha, husoma vitufe, husikiliza kaseti na kutoa sauti. Kazi hizo zingehitaji chipu nyingi. Richard Altwasser, mhandisi aliyesanifu mashine hii, alizikusanya katika moja ili bei ishuke.

Ubahili huo, kama tunaweza kuuita hivyo, ndio uliotuvutia mno. Tulipofungua kisanduku pamoja na fundi wa redio aliyetubadilishia vipuri vilivyochakaa, tulifahamu habari za kumbukumbu yake. Kilobaiti 32 za juu zilitokana na chipu nane ambazo kila moja iliundwa ibebe biti 64,000 na ushei, lakini nusu moja ya kila chipu ilikutwa na kasoro kiwandani. Badala ya kutupwa ziliuzwa kwa bei ya chini, na Sinclair akazinunua, akatumia nusu iliyo nzima. Fundi wetu alicheka aliposikia, akasema kuwa huo ni ufundi wa mtaani kwetu kabisa.

Rangi nazo zilipimwa kwa kibaba. Kioo kina nukta 256 kwa 192, lakini kila mraba wa nukta nane kwa nane huruhusiwa rangi mbili tu, ya maandishi na ya mgongo wake. Kwa njia hiyo picha nzima hutosha katika baiti 6,912. Adhabu yake ni kwamba mhusika wa mchezo akipita mbele ya mti, humwambukiza mti rangi yake. Watoto wa Uingereza waliishi na kasoro hiyo miaka kumi, na watungaji wa michezo wakajifunza kuikwepa kwa hila nyingi.

Sasa tuje kwenye vitufe, ambako mwalimu wa lugha hujikuta nyumbani. Ukiwasha mashine, huoni picha ndogondogo za kubonyeza. Unaona maneno machache ya haki ya mtengenezaji, kisha kimya. Ukigusa kitufe hutokea herufi K inayowaka na kuzimika chini ya kioo. Hapo mashine inangoja kusemeshwa, na lugha inayoifahamu ni BASIC, iliyobuniwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth huko Marekani kwa ajili ya wanafunzi wasio wanasayansi.

Katika Spectrum huandiki neno la amri herufi kwa herufi. Kila kitufe kimebeba neno zima: P ni PRINT, yaani andika, L ni LET, yaani tuseme kwamba, G ni GO TO, yaani nenda. Neno lote hukaa katika baiti moja ya kumbukumbu. Lakini P hiyohiyo yaweza kuwa herufi p ya kawaida. Mashine hujuaje? Hujua kwa mahali. K ile ikiwaka, mashine inangojea kitenzi, kwa kuwa kila sentensi ya BASIC huanza kwa kitenzi cha amri. Ukishakitoa, K hugeuka kuwa L, na vitufe vyote huwa herufi za kawaida. Ukifika kwenye neno THEN, yaani basi, K hurudi, maana baada ya basi lazima ije amri nyingine. Tumefundisha miaka zaidi ya ishirini kwamba aina ya neno hujulikana kwa nafasi yake katika sentensi, tukachora visanduku ubaoni hadi chaki ikaisha. Hatukupata kuona nafasi hiyo ikiwaka na kuzimika mbele ya macho ya mwanafunzi. Steve Vickers, aliyeandika sehemu kubwa ya programu ya ndani ya mashine hii na kitabu chake cha mafunzo, hatudhani alikuwa akiwafikiria walimu wa sarufi. Yamkini alitaka kuokoa nafasi tu.

Liko na jambo la pili. Ukimaliza mstari wenye kosa la sarufi, mashine haiupokei. Huweka alama ya kuuliza inayowaka palepale kwenye kosa, ikanyamaza. Haikukaripii wala haikupi jibu. Sisi wenye kalamu nyekundu tuna la kujifunza hapo.

Wanafunzi wa kidato cha pili waliandika programu hii, ambayo twainukuu kama walivyoiacha siku ya kwanza:

10 INPUT v$
20 FOR i=1 TO 6
30 READ k$
40 PRINT k$;"na";v$
50 NEXT i
60 DATA "ni","u","a","tu","m","wa"

Ukiipa mzizi wa kitenzi, soma, hukuandikia ninasoma, unasoma, anasoma, tunasoma, mnasoma, wanasoma. Darasa lilifurahi. Jambo moja la kushukuru ni kwamba Kiswahili hakina herufi ya alama za juu wala chini, kwa hiyo mashine ya Kiingereza huandika lugha yetu bila kubadilishwa chochote, hata ng' ikiwemo. Wenzetu wa lugha nyingine ingewapasa kuchora herufi zao nukta kwa nukta, na nafasi zilizotengwa kwa kazi hiyo ni 21 tu.

Kisha kijana mmoja akaipa la. Mashine ikaandika: ninala, unala, anala. Hakuna aliyeiambia kuwa husemwa ninakula. Wakashauriana, wakatunga kanuni: kitenzi kikiwa na herufi mbili, kitangulizwe ku. La, ja na fa zikanyooka. Binti mmoja, kwa utundu, akaingiza oa. Kioo kikaandika ninakuoa, unakuoa, anakuoa, na ikachukua muda kulirudisha darasa kwenye utulivu. Mwingine akaleta nywa, yenye herufi nne, mashine ikasema ninanywa. Wakataka kuongeza kanuni hadi herufi nne. Papo hapo soma ikawa ninakusoma na iba ikawa ninakuiba, maneno yaliyo sahihi kabisa lakini yenye habari nyingine.

Hatukusema neno. Siku mbili baadaye walikuja wenyewe na shauri la kuhesabu vokali badala ya herufi. La ina moja, nywa ina moja. Oa, iba na soma zina mbilimbili. Waliandika mistari mingine minane ya kuhesabu vokali, wakaijaribu kwa vitenzi vyote walivyovikumbuka. Kwa maneno mengine, walikuwa wameigundua silabi, na wakaja kutuuliza jina lake. Vitabu vyetu hulitaja jambo hilo katika mstari mmoja, vitenzi vya silabi moja huchukua ku, na wanafunzi huukariri mstari huo usiku wa kuamkia mtihani.

Binti yule wa oa ndiye aliyeuliza lililotukwama. Kwa nini tunaandika PRINT, si ANDIKA? Tulimjibu kwamba maneno hayo yamechongwa ndani ya chipu ya kilobaiti 16 isiyofutika. Jibu hilo ni la kweli, lakini halikumridhisha, wala sisi halikuturidhisha. Mwaka 2004 programu za ofisi zilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kwa kazi iliyohusu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu hapo tumepata simu na tovuti zinazotusemesha kwa lugha yetu. Ni jambo jema. Lakini hizo hutupangia maneno tuchague. Si sisi tunaozitungia sentensi. Darasani mwetu karibu kila mtoto ameshika simu ya mzazi wake, wala hakuna aliyewahi kuiamuru kitu ambacho haikumpangia mbele.

Habari za mwisho za kampuni ile ni fupi. Toleo lenye kilobaiti 128 liliuzwa kwanza Hispania mwaka 1985. Aprili 1986 Amstrad ilinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair kwa pauni milioni 5. Katika nchi za Kisovieti mafundi walinakili Spectrum kwa vipuri walivyokuwa navyo, wakaendelea hata baada ya Waingereza kuacha. Clive Sinclair alifariki Septemba 2021.

Programu ya wanafunzi wetu sasa imefika mstari wa 340. Wanabishana juu ya enda, ambayo ina silabi mbili na bado wengi husema anakwenda, na wengine anaenda. Nusu ya darasa wataka mashine ikubali zote mbili, nusu wataka ichague. Baada ya hapo wamekusudia kuingiza viambishi vya mtendwa, ambapo anakula itabidi iwe anamla na ku itoweke. Mzee mwenye mashine alikuja wiki iliyopita kuuliza ataichukua lini. Wanafunzi walimpa kiti mbele ya televisheni, wakamwambia angoje kwanza kaseti imalize kuingia.