Asumbi: Elimu ya Mikono na Haki ya Ardhi



Juma hili tunawachukua mbali na upepo wa bahari, hadi upande wa ziwa. Tulikwenda Asumbi, katika kaunti ya Homa Bay, karibu na mpaka wa Migori. Msafara wetu ulikuwa wa watu sita: akina mama wanne na walimu wawili wa madrasa. Hatukwenda kwa biashara wala kwa arusi. Tulialikwa na kikundi cha wanawake wakulima tushiriki mafunzo yao ya vitendo ya siku mbili, na tuliyoyapata huko tumeona si haki kuyafungia kifuani.

Mahali penyewe

Kutoka Mombasa tulipanda treni hadi Nairobi, tukalala, kisha basi likatupeleka Kisii. Milima ya Kisii ni ya kijani mwaka mzima, migomba na majani ya chai vimebanana hata hujui shamba la nani linakoma wapi. Ukiteremka kuelekea Rongo mambo hubadilika. Miwa inaanza, joto linaongezeka, mashamba yanapanuka. Kutoka Rongo tukashika njia ya Homa Bay, na Asumbi iko huko.

Ni mahali panapojulikana kwa elimu. Wamisionari wa Kikatoliki waliweka makazi yao hapo tangu zama za ukoloni, na mpaka leo pana kanisa kubwa, shule ya wasichana na chuo cha ualimu. Waislamu katika sehemu hizo ni wachache, ingawa wapo tangu zamani, hasa Kendu Bay, mji wa bandari ya ziwani wenye msikiti mkongwe. Wenyeji wetu wote walikuwa Wakristo. Hata hivyo, adhuhuri ilipoingia, mama mwenye boma alitutandikia jamvi jipya chini ya mwembe, akawakataza watoto wasipite mbele yetu. Sisi wa Mombasa tumezoea kibla cha kaskazini, karibu sawasawa. Kule iliwabidi walimu wetu wahesabu upya, tukageuka kidogo upande wa mashariki. Heshima ile tuliyofanyiwa twaitaja kwa shukrani.

Somo la shamba

Mafunzo hayakuwa na ukumbi wala meza. Mwalimu mkuu alikuwa bibi wa makamo, ambaye kila mtu alimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, nasi tukamwita vivyo hivyo. Alituongoza moja kwa moja mpaka katikati ya shamba la jirani, akang'oa mhindi mmoja uliodumaa. Chini yake palikuwa na mmea mdogo wenye maua mazuri ya rangi ya zambarau isiyokoza. Mama mmoja wetu akasema, "Hili ua zuri, Dani." Dani akajibu, "Zuri, naam, lakini ndilo linalokula watoto wetu."

Mmea huo ni kiduha. Wajaluo huuita kayongo. Mizizi yake hushika mizizi ya mhindi au mtama na kufyonza chakula chake chini kwa chini, hata mkulima akaliona jani linanyauka wakati mvua ipo. Mmea mmoja huzaa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, nazo huweza kungoja udongoni kwa zaidi ya miaka 10. Ukiung'oa baada ya kuchanua, umechelewa. Adui wa pili ni buu atoboaye bua, ambaye mama yake ni nondo wa usiku. Shamba lenye maadui hao wawili pamoja huweza kumrudishia mkulima chini ya mbegu alizozika.

Dawa waliyotuonyesha haitoki dukani. Inaitwa Vuta Sukuma, na asili yake si mbali na hapo. Mbita, kando ya ziwa, ni kituo cha taasisi ya utafiti wa wadudu iitwayo icipe, iliyoasisiwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo. Katika miaka ya 1990 watafiti wa icipe, wakiongozwa na Zeyaur Khan, walishirikiana na wenzao wa Rothamsted ya Uingereza kuitafuta njia hii pamoja na wakulima wenyewe.

Utaratibu wake ni huu. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea unaotambaa wa jamii ya kunde. Harufu yake humchukiza nondo, akasukumwa nje ya shamba. Pembeni, kuzunguka shamba lote, hupandwa majani ya nepia au brakiaria, ambayo harufu yake humvutia. Nondo hutaga huko, na aghalabu mabuu yakitoboa nepia hunaswa na utomvu wake yakafa. Chini ya ardhi nako pana kazi nyingine: mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kiduha kisha kuizuia isiushike mhindi, ikafa kwa njaa. Juu ya hayo, desmodiamu hurutubisha udongo, hufunika ardhi isikauke, na hukatwa ikawa lishe ya ng'ombe na mbuzi pamoja na ile nepia. Basi shamba moja latoa unga na maziwa.

Dani hakueleza hayo kwa maneno mengi. Alitupa kamba, vigingi na majembe, akasema, "Pandeni." Tulipima mistari, tukachimba vifereji, tukachanganya mbegu na mchanga mkavu kwa kuwa ni ndogo mno, tukazifukia kwa udongo mwembamba. Kisha akatuonyesha ya mwaka uliopita, jinsi vikonyo vyake vinavyoweza kukatwa na kupandwa penginepo bila kununua mbegu tena. Alitutahadharisha kwamba msimu wa kwanza ndio mzito: desmodiamu ikiwa changa hufanana na magugu, na asiyeijua huing'oa kwa jembe lake mwenyewe. Ndiyo maana hawafundishi kwa karatasi. Mkulima hufundishwa na mkulima mwenziwe, ndani ya shamba ambalo mwanafunzi atalipita kila siku akiona kama maneno yametimia.

Jambo hilo si geni kwetu. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha maswahaba Sala kwa kusali mbele yao wamwone na wamfuate. Elimu nyingine haishiki mpaka iingie mkononi.

Somo la jikoni

Siku ya pili ilikuwa ya jikoni, na hapo akina mama wetu walikuwa wanafunzi na walimu pia. Tulijenga jiko la Upesi, ambalo ni chungu cha udongo uliochomwa, kinachozungushiwa tope na mawe kikathibiti ukutani. Moto hukaa ndani badala ya kupotea pande zote, na kuni hupungua. Tukashona kikapu cha kuhifadhi joto: kikapu kikubwa cha kawaida, ndani yake matambara na majani makavu ya migomba yaliyoshindiliwa ndani ya kitambaa, pamoja na mto wa kufunikia. Maharagwe huchemshwa kwa muda, kisha sufuria ikatiwa kikapuni ikiwa bado yatokota, ikafunikwa, yakaendelea kuiva yenyewe pasipo moto. Mama mmoja wa Kisauni akasema kwamba bibi zetu waliopalia wali kwa makaa juu ya kifuniko walijua nusu ya siri hii.

Baadaye tukaingia bustanini. Hapo tulistaajabu, maana mboga walizozitunza kama mali ni zile zile ambazo Pwani watoto wetu wameanza kuzidharau: mnavu, mgagani, mlenda, kunde. Wajaluo wana majina yao, osuga, dek, apoth, lakini jani ni lile lile. Walizipanda katika magunia yaliyojazwa udongo na samadi, yenye matundu pembeni, gunia moja likitoa mboga nje ya mlango wa jikoni. Maji ya kuoshea vyombo bila sabuni yalimwagwa humo. Mboga za gunia huhitaji maji kidogo, hazitaki shamba, na mama mwenye mtoto mgongoni huzifikia.

Swali la mama mmoja

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Jioni ya mwisho, watu walipokuwa wakinawa mikono, mmoja wa wanakikundi aliyekuwa hodari kuliko wote kupima mistari alitwambia kwamba nyumbani kwake hajapanda hata mche mmoja wa desmodiamu. Tulidhani amekosa mbegu. Akasema mbegu anazo, ndani ya chupa. Mume wake amefariki. Shamba analolima ameachiwa msimu kwa msimu na ndugu wa marehemu, na kila mwaka hajui kama mwakani atalilima yeye au mwingine. "Desmodiamu hukaa miaka mingi, sheikh," alisema. "Nitampandia nani?"

Swali hilo lilitunyamazisha. Vuta Sukuma si kama mahindi, yapandwayo Machi yakavunwa Agosti. Faida yake hukua mwaka baada ya mwaka, kadiri kiduha kinavyokwisha na udongo unavyopona. Vivyo hivyo mti wa matunda, mtaro wa kuzuia mmomonyoko, na tangi la maji ya mvua. Yote haya humtaka mtu awe na hakika ya kesho. Tena katika sehemu kadhaa za magharibi mwa Kenya, kupanda mti ni alama ya kumiliki, na mwanamke aupandaye huonekana anadai ardhi. Basi mikono yaweza kufundishwa kwa siku mbili ikajua kila kitu, lakini ikikosa mahali pa kusimama, elimu hubaki ndani ya chupa pamoja na mbegu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi. Lakini mama yule haishi ndani ya Katiba. Anaishi katika boma, miongoni mwa mashemeji. Dani alimwahidi kwamba wazee wa kikundi watakwenda kuzungumza na jamaa za marehemu. Tulimwombea dua wapate maneno laini na nyoyo laini.

Na sisi Pwani

Ingekuwa rahisi kusema hiyo ni mila ya wenzetu. Haisemeki. Sisi tumeteremshiwa hukumu iliyo wazi: Suratun Nisaa imewathibitishia wanaume fungu na wanawake fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, yawe kidogo au mengi. Mjane wa mume aliyeacha watoto ana thumni. Binti ana fungu lake pamoja na ndugu zake wa kiume. Hayo tunayasomesha madrasani. Lakini tujiulize, ni mashamba mangapi ya minazi na miembe Kwale, Kilifi na Lamu ambayo mwenyewe amefariki miaka mingi nyuma na mirathi haijagawanywa? Ni dada wangapi walioambiwa, "Shamba ni letu sote," na nazi zikauzwa bila wao kuona thumni wala senti? Ni wajane wangapi wanaolima kwa hisani mahali ambapo wana haki?

Mtume (s.a.w.) alimwonya vikali anayechukua hata shubiri moja ya ardhi ya mwenziwe kwa dhuluma. Shubiri hiyo ni pamoja na ile ya dada yako. Mahakama ya Kadhi ipo, na mirathi ya Waislamu ni katika mambo yake. Lakini bora kuliko mahakama ni kaka aketiye na dada zake baada ya arubaini, mkeka umetandikwa, wakahesabu na kila mmoja akaondoka na chake.

Kwa upande wa mikono, tumeazimia yafuatayo, na twaziomba familia ziige. Madrasa yetu ina kiwanja kitupu nyuma ya birika. Maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu, kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ni safi japokuwa hayatoharishi tena. Hayana najisi, nayo kila siku humezwa na mchanga bure. Tutayaelekeza kwenye magunia ya mnavu na mchicha, na akina mama wanne waliokwenda Asumbi ndio watakaofundisha. Vikapu vya joto vitashonwa kila Jumamosi baada ya Asri. Mje na matambara yenu. Kwa wenye mashamba ya mahindi, buu atoboaye bua yuko kwetu pia. Aanze mmoja kwa kipande kidogo, jirani waone.

Na kila familia yenye urithi usiogawanywa, ianze na huo kwanza, kisha majembe yafuate. Mtume wetu alitufunza kuwa mtu apandaye, akala ndege au mtu au mnyama, ameandikiwa sadaka. Hiyo ni bishara kubwa, na mwanamke asiye na mahali pa kupanda amezuiliwa sadaka yake.

Ewe Mola, tupe riziki ya halali, utulainishie nyoyo zetu kwa jamaa zetu, na umfungulie mja wako yule wa Asumbi mlango wa heri. Amin.