Redio Ikizimwa

Mafunzo ya kwanza ya redio niliyoyafuata kwa makini yalihusu vyoo, mbu na maji ya kuchemsha. Ilikuwa 1973, mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, nami nilikuwa mtoto wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Kondoa. Kampeni ile iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza. Kila juma Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha kipindi, na kikundi chetu kilikaa chini ya mkuyu, anayejua kusoma na asiyejua, huku kiongozi ameshika kijitabu cha kampeni. Betri za National zilianikwa juani tangu asubuhi ili zisizimike katikati ya maelezo ya kichocho.

Watoto hatukuandikishwa, lakini hakuna aliyetufukuza. Ndiyo maana niliona kile ambacho hadi leo naamini kilikuwa somo lenyewe. Kipindi kikiisha, kiongozi aliizima redio, akauliza nani ana neno. Bibi mmoja alisema mbu walikuwepo tangu enzi za babu yake na watu walizeeka vizuri, iweje leo ndio wawe wauaji? Hakuna aliyemnyamazisha. Kiongozi alimwomba awataje watoto wa ukoo wao waliozikwa kwa homa. Bibi aliwataja mmoja mmoja, kwa majina. Kisha akasema sawa, lakini na ng'ombe je, mbona mbu wanawauma na hawafi? Wakaendelea hivyo mpaka jua likazama. Mwisho waliazimia kufyeka majani na kuchimba vyoo, na kweli vyoo vilichimbwa. Tangu hapo nimehudhuria mihadhara mingi ya wasomi, wengine wenye majina makubwa, na bado sijaona mmoja uliowafanya wasikilizaji washike majembe kesho yake.

Redio ile ile ilitupa Lugha ya Taifa, kipindi kilichonifundisha kwamba maneno tunayoyasema jikoni na sokoni yana historia na yanaweza kuchunguzwa kama mimea. Nilikipenda mno. Ila nilikisikiliza peke yangu, na maswali yangu yote niliyabeba mwenyewe mpaka yakasahaulika.

Nilipofika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 80, kaseti zilikuwa zimeshaenea mabwenini. Tulirekodi mihadhara ya Ukumbi wa Nkrumah na hotuba za Mwalimu Nyerere. Redio haikumsubiri mtu, kaseti ilisubiri. Ungeweza kusimamisha sauti ya mtu mzito katikati ya sentensi, ukarudisha nyuma, mwenzako akasema, "Hapo ametuvusha haraka, hebu tusikie tena." Hotuba moja iliweza kutuchukua usiku kucha. Naamini kizazi chetu kilijifunza kuhoji kwa kidole kilichobonyeza kitufe cha kusimamisha, kwa sababu katika ukumbi wenyewe wengi wetu tuliogopa kunyoosha mkono.

Baadaye nikawa mwalimu wa sekondari. Euphrase Kezilahabi, aliyekuwa akifundisha fasihi pale Mlimani na ambaye tasnifu yake ya mwaka 1985 huko Wisconsin ilihusu falsafa ya Kiafrika, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata. Falsafa sasa ilikuwa ndani ya riwaya ya Kiswahili, na walimu wenzangu walilalamika kwamba hawaelewi. Nami sikuelewa yote. Nilitamani sana tungeweza kuisikia ikizungumzwa, mtu na mtu, kwa sauti.

Matamanio hayo yalijibiwa kwa njia ambayo sikuitazamia. Katika basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni nilianza kusikiliza podikasti ya Peter Adamson juu ya historia ya falsafa, iliyoanza mwaka 2010. Mwaka 2018 Adamson na Chike Jeffers walianza mfululizo wa falsafa ya Waafrika na watu wenye asili ya Afrika, na huko nikakutana upya na Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Oruka na wanafunzi wake walikwenda kwa wazee wa Kenya wakiwa na kinasa sauti, wakawahoji kwa lugha za wazee wenyewe. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1990. Mzee anayeieleza mila vizuri, kwa Oruka, alikuwa mwenye hekima. Lakini mzee anayeweza kusimama kando ya mila akaipima kwa hoja zake mwenyewe, huyo alimwita mwanafalsafa. Na tofauti ya wazee hawa wawili haionekani mpaka waulizwe. Nilimkumbuka yule bibi wa ng'ombe, nikapitiliza kituo.

Podikasti za Kiswahili leo ni nyingi, na nyingi ni mazungumzo marefu ya mafanikio na biashara. Sizidharau, watu wanatafuta riziki. Ila falsafa, lugha na jamii bado vina nafasi finyu humo, na msikilizaji mwenye hedifoni masikioni hana wa kumgeukia anapotilia shaka.

Mpwa wangu, mhitimu wa sosholojia, anarekodi podikasti yake chumbani Tabata, ametundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi. Mwanzoni alikuwa akiyafuta maswali yake yote, anabakiza sauti ya mtaalamu tu. Nilimwambia anaitupa nyama na kubakiza mchuzi. "Mjomba, bando ni ghali," alinijibu, "watu hawawezi kulipia nikijiumauma." Kuhusu bando alikuwa sahihi. Tulivutana muda mrefu, mpaka akapata ufumbuzi wake mwenyewe: kila kipindi kinaishia kwenye swali ambalo halijajibiwa, wasikilizaji wanatuma sauti zao kwa WhatsApp, na kipindi kinachofuata kinafunguliwa nazo.

Karibuni alimwalika mhadhiri mmoja wa sheria wajadili kama marehemu ana haki. Mhadhiri alisema hana. Haki inahitaji mtu aliye hai wa kuidai, na wosia hulinda walio hai tu. Fundi cherehani wa Buguruni, mjane, akatuma sauti yake: "Marehemu mume wangu aliacha deni lisilo na karatasi wala shahidi. Aliyemkopesha naye alishakufa, hakuacha mtu. Nikalipeleka msikitini kwa jina lake. Sasa mwalimu, nilikuwa namlipa nani?" Mhadhiri aliomba apewe juma zima la kufikiri. Aliporudi alianza kwa kukubali kwamba nusu ya hoja yake imeanguka. Ile nusu nyingine bado wanaibishania, na fundi ameahidi kutuma sauti nyingine akimaliza sare za shule.