Nia ya Mama

Mama yangu aliweka fedha ya Hija kidogo kidogo, kwa karafuu za misimu saba, ndani ya sanduku lake hapa Gando. Tukapanga twende mwaka 2020. Hofu yetu ilikuwa masika na mkondo wa Nungwi tu, kwani tangu ilipozama meli ya Spice Islander mwezi wa Septemba 2011, mama hakuuamini mkondo ule hata bahari ikiwa shwari. Kumbe mlango utafungwa kwengine!

Korona ikaingia. Tarehe 22 Juni Saudia ikatangaza kuwa Hija ni ya waliomo nchini mwake tu. Mama akakunja nguo zake nyeupe, akazirudisha sandukuni. Mwaka 2021 waliruhusiwa watu 60,000, nao wa huko huko. Mwaka 2022 wageni walifunguliwa, lakini wasiofika miaka 65, na mama alikuwa na 71. Siku ile alilia, nami sikumkataza.

Nilimkumbusha Sayyidna Umar, Khalifa mzima, alivyorudi njiani alipopata habari ya tauni ya Sham. Akanijibu, "Umar hakuwa na miguu yangu, mwanangu."

Sharti la umri liliondolewa mwaka 2023, miguu imekwisha. Kwa kuwa mimi nilikwisha kuhiji zamani nikiwa kazini Oman, alinipa fedha yake nimhijie, kama sharia inavyomruhusu asiyejiweza. Nikavuka mwezi wa Juni, kusi inavuma.

Niliporudi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nungwi palikuwaje?"