Ukienda Ndithini kwa pikipiki, chagua bisibisi yako nyumbani

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Basi, msomaji mpenzi, ikiwa likizo ijayo utafunga safari ya pikipiki kutoka jijini kwenda Ndithini, ufa wa kuziba mapema ni mdogo kuliko unavyodhani. Ni ile bisibisi iliyo chini ya kiti chako.

Ndithini iko katika eneo bunge la Masinga, Kaunti ya Machakos, kaskazini mwa barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa. Kutoka Nairobi utafuata barabara ile pana ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012, kisha ushike njia ya Garissa. Utapita mashamba makubwa ya mananasi, na Mlima Kilimambogo, wenye kimo cha mita 2,145, utauona upande wako wa kulia. Kutoka hapo nchi inazidi kukauka. Migunga inaongezeka, na wakulima wanategemea mahindi, pojo, kunde na mbaazi, macho yao yakiwa kwenye mvua za Oktoba hadi Desemba. Ukikaribishwa muthokoi usikatae. Ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, yakapikwa na maharagwe au mbaazi, na mtu akishiba hayo hafikirii chakula tena mpaka jioni.

Njia za ndani za vijiji vya huku ni za udongo na changarawe. Wakati wa kiangazi vumbi huingia kila penye mwanya, na mtikisiko hulegeza skrubu ambayo jijini isingelegea mwaka mzima. Kabureta ikipata uchafu, injini inakohoa na kuzima. Dawa yake mara nyingi ni kufungua kikombe cha chini cha kabureta, kinachoshikwa na skrubu tatu au nne tu, na kukisafisha. Kazi ya nusu saa! Lakini ncha ya bisibisi ikiruka na kukwangua kichwa cha skrubu moja, nusu saa hiyo inageuka kuwa siku nzima ya kusukuma.

Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita, bodaboda zimefika hata pale matatu haziendi. Leo pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati usiku, na gunia la pojo sokoni asubuhi. Ikizimika njiani, anayeumia si mwenye pikipiki peke yake.

Nchi hii ya kuelekea Mto Tana imewafunza wasafiri tangu zamani. Mwaka 1851 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifuatana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, kwenda Tana. Karibu na mto walivamiwa na Kivoi akauawa. Krapf alibaki peke yake na kiu yake. Alipoufikia mto hakuwa na kibuyu, kwa hiyo alijaza maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini. Alipona, lakini bunduki iliyojaa maji haipigi risasi. Chombo cha kazi nyingi ni kizuri, mradi ujue kazi gani kinaiweza sawasawa.

Nyota hazifanani

Ukiingia duka la vifaa utaonyeshwa bisibisi fupi yenye ncha thelathini ndani ya kijisanduku. "Mzee, hii inafungua kila kitu," muuzaji atakuambia. Usikimbilie kutoa pesa.

Skrubu za msalaba, zile mafundi wetu huziita nyota, ni za aina zaidi ya moja. Iliyoenea duniani ni Phillips, iliyopata hataza Marekani mwaka 1936 kwa jina la Henry Phillips wa jimbo la Oregon. Wajapani nao wana nyota yao ya kipimo cha JIS. Kwa macho ni mapacha, lakini ncha ya Phillips haizami vizuri katika skrubu ya Kijapani. Ukitia nguvu inapanda juu na kula kichwa. Ncha ya JIS, kwa upande wake, huingia vyema katika zote mbili. Skrubu nyingi za Kijapani utazitambua kwa nukta moja ndogo kichwani.

Usidhani jambo hili linawahusu wenye Honda na Yamaha tu. Pikipiki nyingi za Kihindi zilikulia mikononi mwa Wajapani: Bajaj ilishirikiana na Kawasaki, TVS na Suzuki, na Hero na Honda. Kwa hiyo jaribu mwenyewe. Ingiza ncha katika skrubu ya kabureta na ya betri. Ikisimama imara bila kucheza, ni yake. Ikiyumba kama jino bovu, irudishe.

Ncha chache zatosha

Kwa safari hii unahitaji nyota namba 2, ambayo ndiyo itakayofanya kazi nyingi. Nyota namba 3 kwa skrubu kubwa za injini. Nyota namba 1 kwa zile ndogo. Na bapa mbili, nyembamba na pana. Kama pikipiki yako ina skrubu za pembe sita, ongeza ncha zake. Hakikisha mguu wa ncha una upana wa robo inchi, yaani milimita 6.35. Hicho ndicho kipimo cha kawaida, na ukipoteza moja utapata nyingine bila kununua bisibisi mpya.

Mpini uwe mnene wa kujaa kiganja, kwa maana mpini mwembamba hauna nguvu ya kuzungusha. Urefu uwe wa kupita chini ya tangi. Sumaku kidogo husaidia, kwani skrubu ikianguka mchangani usiku huioni tena. Tazama pia kifuniko cha mahali ncha zinapokaa. Kiwe cha kufunga kwa kuzungusha, la sivyo changarawe itakuibia ncha moja moja. Ifunge kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha ukaze kwa mpira wa tyubu kuukuu.

Lakini bisibisi haifungui nati. Beba pia spana za milimita 8, 10, 12 na 14, na spana ya plagi.

Ukifika wakati wa kuitumia

Zima injini na uiache ipoe. Funga bomba la petroli, na asiwepo mvuta sigara karibu. Ondoa vumbi katika mfereji wa skrubu kwa mwiba au kijiti. Kisha kandamiza zaidi kuliko unavyozungusha. Skrubu ikigoma, tia tone la mafuta, igonge taratibu na ungoje. Ikiendelea kugoma, iache jinsi ilivyo na umtafute fundi wa juakali mwenye bisibisi ya kugongwa kwa nyundo. Wakati wa kurudisha usikaze kwa hasira, maana alumini ni laini na nyuzi zake hukatika.

Jioni moja kabla ya safari, wakusanye vijana wako nyumbani, waifungue na kuifunga kila skrubu watakayoihitaji njiani. Watajifunza, nawe utajua kama bisibisi yako ni ya kazi au ni ya maonyesho. Safari njema, na uwasalimie wa Ndithini.